Glasi Ikivunjika Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Vipande Vyote Bila Kukatwa, Leo Wala Kesho

Watu wengi hawakatwi siku ile glasi inapovunjika. Hukatwa kesho yake au wiki inayofuata, na kipande walichoamini kimeshaondoka. Kinatoka kwenye ufagio, kwenye tambara la kupigia deki, chini ya friji, au kimejichomeka kwenye soli ya ndala na kusafiri hadi chumbani. Ukimuuliza aliyesafisha, atakuapia kwamba alifagia vizuri, na ni kweli alifagia.

Kwetu ilitokea hivyo. Glasi ya maji ilianguka jikoni Jumamosi, tukafagia, tukapiga deki, tukasahau. Jumanne mtoto akakatwa kisigino chumbani kwake, chumba ambacho hakikuwahi kuingia glasi. Tulipouweka ufagio wa chelewa kwenye mwanga wa dirisha tukakuta vipande vitatu vimenasa katikati ya njiti. Tulikuwa tumefagia nyumba nzima navyo kwa siku tatu.

Tangu hapo nafuata kanuni moja, nayo ndiyo inayobeba mwongozo huu wote: kila kitu kilichogusa chupa, yaani vipande vya glasi, kihesabu kuwa ni chupa mpaka ukikague. Ufagio, tambara, kizoleo, viatu, glavu, maji ya deki, vyote.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Viatu vinavyofunika mguu mzima: raba, viatu vya shule, au mabuti ya mvua. Ndala hazifai. Soli yake laini hupitisha kipande chembamba, na vidole viko wazi.
- Glavu nene za mpira, zile za kufulia au za bustani. Glavu nyembamba za hospitali hazizuii chupa, hukupa ujasiri wa bure tu.
- Vipande viwili vya boksi gumu, kila kimoja ukubwa wa daftari.
- Kopo la bati lenye kifuniko (la maziwa ya unga linafaa sana), au ndoo ndogo ya rangi iliyokwisha.
- Magazeti ya zamani na maji kidogo.
- Selotepu pana, ile ya kufungia maboksi.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Tambara kuukuu ambalo uko tayari kulitupa.
- Koleo la jikoni au la fundi, kama lipo.

Mfuko haumo kwenye orodha kwa makusudi. Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hata ilipokuwepo haikuwahi kufaa kwa kazi hii, maana chupa huitoboa na kumchana mguu anayeibeba. Mifuko mbadala ya kitambaa chepesi tunayotumia sasa hutobolewa vilevile. Tumia kopo.

Kama una nafasi, viweke vitu hivi pamoja kwenye ndoo moja chini ya kabati. Glasi ikivunjika saa mbili usiku umeme ukiwa umekatika, hutataka kuanza kutafuta selotepu.

## Hatua ya 1: Simamisha watu, ahirisha ugomvi

Mlio wa glasi huita watu. Watoto ndio hufika kwanza, tena pekupeku. Sema kwa sauti: "Kila mtu asimame alipo! Kuna chupa!"

Kama mtoto yuko katikati ya vipande, usimwambie atembee kuja kwako. Vaa viatu, mfuate, mnyanyue, mkalishe juu ya kitanda au meza chumba kingine. Kisha kagua nyayo zake, nguo na nywele. Usimpukute kwa mkono, kwani utasugua kipande kwenye ngozi yake na yako. Tumia selotepu kubandua kilichoshika.

Kama ni wewe uliye pekupeku na uko peke yako, usiruke. Anayeruka hutua kwa uzito wake wote. Vuta kilicho karibu, iwe taulo, mkeka mdogo, ubao wa kukatia mboga au gazeti lililokunjwa mara nyingi. Kitandike mbele yako, ukanyage juu yake, utoke. Kama kuna mtu mwingine, akurushie viatu.

Paka na kuku watolewe nje, mlango ufungwe.

Sasa kuhusu ugomvi. Katika nyumba nyingi glasi ikivunjika, sauti ya pili kusikika ni ya kumgombeza aliyeivunja. Mtoto au dada wa kazi, kwa woga, anainama na kuanza kuokota kwa mikono mitupu ili kosa lisionekane. Majeraha mengi ya viganja yanaanzia hapo. Bilauri inanunulika sokoni. Kidole kilichokatika mshipa wa kukunjia hakirudi kirahisi hivyo. Na kama dada ndiye atakayesafisha, mpe viatu na glavu zilezile ambazo ungevaa wewe.

*Umefanikiwa ikiwa* kila mtu yuko nje ya eneo, hakuna anayekimbia, na aliyebaki ndani ana viatu miguuni.

## Hatua ya 2: Jua chupa imefika wapi

Kabla ya kuinama, simama utazame. Glasi iliyoanguka kwenye marumaru au sakafu ya saruji hurusha chenga mbali sana kuliko iliyoanguka kwenye mkeka. Iliyotoka juu ya kabati hurusha mbali kuliko iliyoteleza kutoka kwenye stuli. Hesabu angalau mita 3 kila upande kutoka ilipogonga, na kama kuna ukuta au mguu wa meza karibu, ujue vipande vimegonga hapo na kubadili mwelekeo.

Tazama pia vilivyo juu: sufuria iliyo wazi, vyombo vilivyoanikwa, ndoo ya maji ya kunywa isiyo na kifuniko, unga uliochekechwa kwenye ungo. Chakula kilichokuwa wazi ndani ya eneo hilo kitupe. Inauma, hasa mboga ikiwa ndiyo imeiva, lakini chenga ya glasi kwenye mchuzi haionekani, na haiwezi kuchaguliwa kwa kijiko. Vyombo visuuzwe chini ya maji yanayotiririka kabla ya kuguswa na sponji.

Kama glasi ilikuwa na juisi au chai, usianze kwa kufuta. Tandaza magazeti juu ya majimaji, yaache yanywe, kisha uyakunje kuelekea ndani pamoja na chenga zilizonasa. Yote yaende kwenye kopo.

## Hatua ya 3: Okota vipande vikubwa, kimoja kimoja

Chuchumaa, usipige magoti. Shika kila kipande kwa nyuso zake bapa, kamwe usishike ukingo. Kile cha kitako cha glasi, chenye meno yaliyosimama, kishike kwa chini, au tumia koleo.

Kila kipande kiingie kwenye kopo kabla hujaokota kingine. Watu hukusanya vitano sita kwenye kiganja cha kushoto kama wanaokota njugu, kisha wanafumba mkono bila kujua. Sogeza kopo karibu nawe.

Vikubwa hutangulia kwa sababu ukianza kuvisukuma na vidogo, hukwaruza sakafu, hugongana na kuzaa chenga nyingine.

## Hatua ya 4: Sukuma chenga kwa boksi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ufagio wa chelewa ni chombo kizuri cha uani, lakini kwa chupa ni hatari. Njiti zake hupinda zinapokandamizwa na hufyatuka zinapoachiwa. Chenga iliyokuwa mbele yako hurushwa chini ya kabati, au usoni mwa aliyeinama. Zaidi ya hapo, njiti hunasa vipande karibu na shina, mahali ambapo macho hayafiki. Ufagio laini wa nyuzi una afadhali kwenye kurusha, lakini kwenye kunasa ni mbaya zaidi.

Badala yake, chukua kipande kimoja cha boksi, kilaze kwa ulalo, usukume taratibu kutoka nje kuja katikati. Anzia kwenye mpaka wa zile mita 3. Ukianzia katikati kwenda nje, unapanua eneo badala ya kulipunguza. Kipande cha pili cha boksi kiwe kizoleo. Kilaze chini, sukumia juu yake, nyanyua, mimina kwenye kopo. Ukimaliza, boksi zote mbili zikunje ziingie humohumo, au zifunge kwenye gazeti zitupwe pamoja.

Kama una mpira wa kusukumia maji wenye mpini mrefu, huo ni bora zaidi, kwa kuwa haunasi kitu na husuuzika.

Huna budi kutumia ufagio? Chukua uliochakaa, fagia kwa mikupuo mifupi bila kunyanyua njiti kutoka sakafuni, kisha utupe. Ufagio mpya ni gharama ndogo.

Wenye mashine ya kunyonya vumbi waitumie tu baada ya vipande vikubwa kuondoka, wakitumia bomba peke yake bila brashi inayozunguka, na mfuko wake ubadilishwe mara moja.

*Umefanikiwa ikiwa* sakafu inaonekana safi. Wengi huachia hapa, lakini kazi imefika nusu tu.

## Hatua ya 5: Bandua zisizoonekana

Lowesha gazeti, likunje mara nne, libonyeze sakafuni na ulinyanyue. Bonyeza, nyanyua, sogea. Usisugue! Ukisugua, chenga zinakwaruza marumaru na kujikita kwenye mistari ya katikati yake. Kila baada ya mibonyezo michache badilisha upande, na upande ukijaa, tupa na uchukue jipya.

Kwenye saruji yenye mikwaruzo na kwenye mistari ya marumaru, gazeti halifiki ndani. Hapo zungushia selotepu kwenye mkono wenye glavu, upande wa gundi ukiwa nje, kisha ubonyeze. Kama selotepu haipo, donge la unga wa chapati uliokandwa hufanya kazi hiyohiyo vizuri ajabu. Likishatumika, lifungie kwenye kopo papo hapo. Usilitupe uani. Kuku atalila, na wewe utamla kuku.

## Hatua ya 6: Kagua kwa tochi iliyolazwa

Zima taa, vuta mapazia. Laza simu chini kabisa ili mwanga wa tochi uteleze juu ya sakafu badala ya kuipiga kutoka juu. Chupa ambayo usingeiona mchana kweupe itametameta kama nyota, na nyuma yake kutakuwa na kivuli kirefu kinachokuonyesha ilipo hasa.

Rudia kutoka pande nne. Kipande bapa kikilala vibaya kwa upande mmoja hakimeti, lakini kwa upande mwingine kitakuonyesha. Mulika chini ya friji, nyuma ya mtungi wa gesi, kwenye kizingiti cha mlango, na kwenye kona za miguu ya kabati.

Kila unapoona mmeto, bandua kwa selotepu kisha mulika tena. Ukizunguka pande zote nne bila kuona hata mmoja, hapo sakafu imekwisha.

## Hatua ya 7: Deki ya mwisho, bila kukamua

Wengi wetu hupiga deki kwa kuinama na tambara mkononi. Tambara linakusanya chenga iliyobaki, tunalichovya kwenye ndoo, tunalikamua kwa nguvu za mikono miwili, na chenga inaingia kiganjani. Kama kuna sentensi moja tu utakayoikumbuka katika mwongozo huu, iwe hii: tambara la deki baada ya chupa halikamuliwi.

Tumia lile tambara kuukuu. Lilowanishe kwa kumwagia maji, lisukume kwa mpini au kwa mguu wenye kiatu, lipite eneo zima mara moja. Kisha likunje kwa ndani na ulitupe kwenye kopo au ndani ya gazeti. Kama umetumia ndoo, mwaga maji yake polepole kwenye mtaro, masalia yanayobaki chini yafute kwa gazeti. Usiyamwage uani wanakocheza watoto.

## Hatua ya 8: Jikague mwenyewe

Kabla ya kutoka eneo hilo, simama juu ya gazeti na unyanyue mguu mmoja mmoja. Pitisha selotepu kwenye soli. Soli zenye mifereji hushika chenga nyingi kuliko unavyofikiri.

Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje. Suuza mikono chini ya maji yanayotiririka kabla ya kushika sabuni, maana ukisugua kwanza unaweza kuikandamiza chenga kwenye ngozi. Kanga au nguo iliyokuwa karibu ikung'utiwe juu ya gazeti, isiingie kwenye tenga la nguo chafu kama ilivyo.

## Hatua ya 9: Tupa kwa namna isiyomkata mwingine

Funika kopo, zungushia selotepu kifuniko chote, kisha andika kwa kalamu ya wino mzito: CHUPA – HATARI. Anayezoa taka mtaani kwenu hutumbukiza mikono kwenye kiroba bila kujua kilichomo, na nyuma yake kuna waokota makopo wanaochambua taka dampo, wengi bila glavu. Ukikutana na mzoa taka, mkabidhi kopo mkononi na umwambie kilichomo.

Kuna njia tatu zinazotumika sana ambazo naomba uziache.

Kutumbukiza kwenye choo cha shimo. Choo hujaa siku moja, na wanaokitapisha kwa mikono na ndoo ndio watakaoikuta.

Kufukia shambani au nyuma ya nyumba. Chupa haiozi. Jembe litaifukua, mvua itaifunua, na atakayeikanyaga huenda bado hajazaliwa.

Kuchoma pamoja na taka. Moto wa takataka kwa kawaida hauyeyushi glasi. Huipasua tu, tena wakati mwingine kwa kurusha vipande, na majivu yanabaki na chenga ndani yake. Majivu hayohayo baadaye humwagwa kwenye bustani ya mchicha.

## Mazingira yanayohitaji mbinu tofauti

### Glasi imevunjikia ndani ya beseni la vyombo

Povu limefunika kila kitu na mkono wako umo ndani. Acha ulichoshika, fumbua vidole, utoe mkono polepole ukiwa umenyooka. Usipapase kutafuta.

Toa vyombo vinavyoonekana juu ya povu tu. Kisha inamisha beseni taratibu, maji yapite kwenye chujio au tambara, vipande vibaki. Sponji na dodoki lililokuwemo litupe, kwani hakuna namna ya kulikagua. Kwenye sinki, ng'oa kizibo kwa mpini wa mwiko, maji yaishe, halafu uokote kwa koleo.

### Chupa ya chai imepasuka kwa ndani

Hii naiona kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu nje haionekani kitu. Ndani ya chupa ya chai kuna kioo cha kuta mbili kilichopakwa rangi ya fedha, na katikati ya kuta hizo hakuna hewa. Kikipasuka hubomokea ndani, na vipande vyake ni vyembamba kama ganda la kitunguu.

Dalili ni mlio wa "chaka-chaka" ukiitikisa, au chai inayotoka na vijikaratasi vinavyometa. Ukisikia hivyo, chai yote ni ya kumwagwa. Usiichuje! Chujio la chai hukamata majani, halikamati chenga ya kioo chembamba. Nimeona watu wazima wakichuja na kunywa kwa sababu sukari ilikuwa imeshatiwa.

Iache ipoe na kifuniko kikiwa kimefungwa. Kisha ipeleke nje, imimine polepole juu ya magazeti mazito, ukiwa umegeuza uso pembeni. Ukitaka kununua kioo kingine cha ndani na kulitunza ganda, fungua kitako na utoe mabaki kwa koleo, suuza ganda mara kadhaa, kisha mulika kwa tochi kabla ya kuweka kipya.

Chupa ambayo nje yake imeanza kupata joto na chai haikai moto kama zamani imepoteza ule utupu wa katikati. Huenda kile kichuchu cha kioo kilicho chini, kinachoufungia utupu huo, kimevunjika. Iondoe kwenye matumizi.

### Kioo cha jiko la gesi, meza au mfuniko wa sufuria

Vioo hivi vimekazwa kwa joto kiwandani, ndiyo maana vikipasuka havitoi mapande marefu bali maelfu ya punje kama chumvi ya mawe. Hupasuka kwa kishindo, na wakati mwingine huendelea kulia "tik-tik" kwa dakika kadhaa. Subiri zitulie. Kama jiko lilikuwa linawaka, jambo la kwanza ni kufunga valvu ya mtungi wa gesi. Kama njia ya kuufikia mtungi imejaa punje, vaa viatu kwanza, huo ni muda wa sekunde chache tu.

Punje hizi hazikati kwa kina kama glasi ya kawaida, ila ni nyingi mno na hujificha. Usiwashe jiko tena mpaka fundi aangalie matundu ya moto na mipira.

### Zulia, kochi na kitanda

Usikung'ute zulia ndani ya nyumba. Okota vikubwa, kisha bandika selotepu kwa mistari iliyopakana, bonyeza kwa kiganja chenye glavu, bandua. Rudia kwa kukatisha upande mwingine, kwa kuwa nyuzi zikilala huku huficha kilicholala kule. Mkeka na jamvi ni rahisi zaidi. Kunja kingo zake kuelekea ndani, beba hadi nje, geuza juu ya gazeti au turubai na ugonge kwa nyuma.

Shuka ikunjwe hivyohivyo kutoka pembe nne. Kwenye kochi, toa mito na upitishe tochi kwenye mifereji, usitumbukize vidole.

### Uani kwenye mchanga

Okota vinavyoonekana, kisha kwangua mchanga wa juu kina cha vidole vitatu kwa sepetu, ukienda zaidi ya eneo la tukio, na uupitishe kwenye chekeche la wajenzi lenye matundu madogo. Mchanga uliopita utandaze juani uukague kwa macho, usogee huku na huku. Kama eneo ni dogo, ni afadhali kuuondoa mchanga wote na kuleta mwingine.

### Taa

Balbu ya kawaida na taa za LED husafishwa kama glasi nyembamba. Lakini taa za tyubu ndefu zisizo za LED na zile za kubana umeme zenye mirija iliyojisokota zina zebaki, metali yenye sumu, ndani yake, miligramu chache tu, na hiyo hutoka kama mvuke taa inapovunjika.

Watu wote watoke, dirisha lifunguliwe, feni izimwe, na mlango wa kuingia vyumba vingine ufungwe kwa dakika 10. Hapa ufagio na mashine ya kunyonya vumbi ni mwiko kabisa, kwani vyote viwili hutawanya zebaki. Tumia karatasi ngumu kuzoa, selotepu kubandua unga mweupe, gazeti lenye unyevu kufutia, na vyote vifungwe kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko cha kukaza, kama ya jemu. Iweke nje ya nyumba mpaka siku ya kuitupa.

Balbu iliyovunjika kitako kikabaki kwenye holda isiguswe mpaka uzime swichi kuu ya nyumba. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, maana mafundi wengine hukosea nyaya na holda hubaki na umeme.

## Ukikatwa

Kidonda kidogo: suuza kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kiangalie kwa mwanga, kikaushe, ukifunge kwa kitambaa safi. Mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa na dawa ya meno havizuii damu wala haviui vijidudu. Vinakichafua kidonda na kumpa daktari kazi mara mbili.

Damu ikitoka nyingi, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua, unabandua damu iliyoanza kuganda. Nyanyua kiungo juu kuliko moyo.

Kipande kilichozama usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Bonyeza pembeni yake, zungushia kitambaa kisitikisike, nenda hospitali, na usiende peke yako.

Nenda pia kama kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki, hata kidonda kikiwa kidogo na damu imekata. Hiyo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu au wa kukunjia umeguswa, na hushonwa vizuri zaidi mapema. Jichoni usisugue. Funika kwa kikombe kisafi bila kukandamiza, uende. Mtoto aliyemeza chenga asitapishwe wala asilishwe matonge makubwa ya ugali, apelekwe akaangaliwe.

Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa kidonda kichafu, hasa cha mguu uliokanyaga uani, huhitajika nyingine kama ya mwisho imepita miaka 5. Kwa kidonda kisafi, miaka 10.

Na kidonda kinachokataa kupona, kinachochoma ukikibonyeza sehemu moja, mara nyingi kina kipande ndani. Mwambie daktari waziwazi kwamba ulikatwa na glasi. Watu husema kioo hakionekani kwenye eksirei kwa sababu kinapitisha mwanga, lakini si kweli: karibu kila aina ya glasi huonekana, ikiwa kipande kinafika milimita 2 hivi. Kwa hiyo omba upigwe picha.